Sura ya Nne: Mchuzi Juu ya Mawingu

Bibi aliyeketi kando yangu alikuwa anakwenda Muscat kumtazama binti yake aliyejifungua. Alitoka Pemba juzi yake, akalala Dar es Salaam kwa ndugu, na usiku huo ilikuwa mara yake ya pili kupanda ndege kubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hatujaondoka uwanjani nilikwisha kujua mjukuu alizaliwa na kilo ngapi na nani kakasirika kwa kutoulizwa habari ya jina. Saa moja hivi baada ya kuruka, toroli likafika safu yetu. Mhudumu akauliza lile swali linaloulizwa katika daraja la kawaida la ndege dunia nzima: kuku au nyama? Bibi akasema kuku. Na mimi nikasema kuku.

Trei yenyewe haizidi ukubwa wa daftari la shule lililofunguliwa. Katikati kilikaa kibati cha foili kimefunikwa, moto kiasi cha kuunguza ncha za vidole. Pembeni kulikuwa na kibakuli cha saladi, yaani vipande vitatu vya tango na nusu ya nyanya ndogo. Mkate wa duara, baridi, mgumu kwa juu. Kipande cha siagi kisichopakika. Keki ya manjano ndani ya nailoni. Na kikombe cha maji kilichozibwa. Bibi alifunua kibati chake taratibu, kama mtu anayefunua chungu cha jirani. Ndani kulikuwa na kidari cha kuku, cheupe, kimelazwa juu ya wali. Punje za pembeni zilikuwa zimekauka zikawa kama mchele mbichi, na za katikati zimegandana. Karoti na njegere zilikuwa zimepauka. Akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akaweka uma.

"Mwanangu," akaninong'oneza, asije mhudumu akasikia akaudhika, "aliyepika hiki alikuwa na mafua."

Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa sasa, na nimesoma mengi kwa sababu yake. Bibi aliuona ugonjwa sawasawa, ila alimkosea mgonjwa. Mpishi alikuwa mzima. Wenye mafua tulikuwa sisi.

Ndege ya masafa marefu huenda kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000. Hewa ya huko ni nyepesi mno, binadamu hawezi kuivuta akabaki na fahamu zake, kwa hiyo mitambo huisukuma na kuibana ndani ya ndege. Lakini haiibani hadi ifanane na ya pwani. Hubanwa hadi ifanane na hewa ya mlimani, penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amewahi kuivuta hewa hiyo: ni ile ya msituni, kati ya geti na kibanda cha Mandara. Watu wengi wa Addis Ababa wanaishi ndani yake. Kwa mtu wa Pemba, kula chakula cha ndege ni kula akiwa amepandishwa mlimani kwa nusu saa, bila kupumzika njiani.

Mwinuko peke yake si neno, maana watu wa milimani wanakula na wanasikia ladha. Kinachotuumiza zaidi ni ukavu. Hewa inayoingizwa kutoka nje kwenye kimo kile karibu haina maji, na unyevu ndani ya ndege kwa kawaida hushuka chini ya asilimia 20, ukame wa jangwani. Fikiria mwili uliotoka Dar es Salaam, ambako shati hulowa kabla ya saa tatu asubuhi, ukaingizwa humo kwa saa tano. Midomo inakauka, koo linakauka, na ndani ya pua, mahali panapotakiwa kuwa na majimaji ili harufu inase, napo panakauka.

Na ladha, kwa sehemu kubwa, ni harufu. Mwenye kutilia shaka afanye jaribio hili leo jikoni. Achukue punje ya hiliki, aibane pua yake kwa vidole, aitafune. Atasikia kitu kama kijiti, na uchungu kidogo. Kisha aiachie pua. Hiliki yote itafumka kinywani kwa mara moja, kana kwamba imewekwa sasa hivi. Ulimi hujua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi uliokolea. Mengine yote tunayoyaita ladha ya pilau, ya embe au ya samaki wa kupaka, ni pua inayotuambia. Ndege haikatazi ulimi kufanya kazi. Inaibana pua, taratibu, bila mwenyewe kujua.

Wajerumani waliamua kulipima jambo hili. Shirika la Lufthansa lilikuwa limegundua kwamba abiria wake wanakunywa juisi ya nyanya kwa wingi wa kushangaza, karibu sawa na bia, watu ambao nchi kavu hata hawaigusi. Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ikatafuta sababu. Taasisi hiyo ina kipande cha mwili wa ndege ya Airbus ndani ya chumba maalumu mjini Holzkirchen, karibu na Munich, ambamo mgandamizo wa hewa hupunguzwa hadi uwe kama wa angani. Watu waliketi humo kwenye viti vya ndege, wakapewa chakula, hewa ikakaushwa, ngurumo za injini zikapigwa. Ikaonekana kwamba chumvi na sukari zinafifia kinywani. Chumvi hupotea kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30, na sukari kwa asilimia 15 hadi 20. Uchachu, uchungu na ukali wa viungo vikabaki karibu vilevile. Ile juisi ya nyanya, ambayo chini watu waliielezea kuwa na harufu ya udongo, juu ikasifiwa kuwa ni tamu na inaburudisha.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani wakaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Kelele. Ndani ya ndege iliyo njiani kuna mngurumo wa kama desibeli 85, usiokoma. Waliwawekea watu mngurumo wa namna hiyo masikioni na kuwaonjesha vitu mbalimbali. Utamu wa sukari ukapungua, lakini ule wa mchuzi, ambao Wajapani wameupa jina la umami, ukazidi. Ni utamu wa nyanya iliyoiva ikapikwa ikaiva tena, wa uyoga, wa dagaa, wa supu ya mifupa iliyokesha jikoni. Kelele zinaukandamiza mmoja na kuunyanyua mwingine. Juisi ya nyanya inao kwa wingi, na abiria walikuwa wamelijua hilo kwa vinywa vyao kabla ya maabara.

Nikirudi kwenye kile kibati cha bibi, naona sasa kwamba karibu kila kitu ndani yake kilichaguliwa kinyume na maarifa haya. Kidari cha kuku hakina mafuta wala mchuzi wa kukilinda. Wali ulikuwa mweupe, bila nazi, bila kitunguu cha kukaanga. Ladha pekee iliyotegemewa pale ilikuwa chumvi, yaani ile ile inayopotea.

Sitaki, hata hivyo, msomaji awalaumu wapishi. Wahudumu hawapiki chochote. Ndani ya ndege hakuna mahali pa kupikia. Chakula hupikwa kwenye majiko makubwa karibu na viwanja, saa nyingi kabla ya safari, mara nyingine siku iliyotangulia. Jiko la Emirates kule Dubai lina uwezo wa kutoa zaidi ya milo 200,000 kwa siku moja. Kikishaiva, chakula hupozwa haraka kwa mashine hadi chini ya nyuzi joto 5, kikapakiwa kwenye vibati, kikakaa chumba cha baridi, kikapangwa kwenye trei na matoroli, kisha kikachukuliwa na lori ambalo bodi yake hunyanyuka hadi kwenye mlango wa ndege. Huko juu huingizwa kwenye oveni zinazopuliza hewa ya moto kwa kama dakika 20. Kwa hiyo abiria anakula kiporo. Nalitumia neno hilo kwa heshima, maana kiporo kina elimu yake na kila mama wa nyumbani anaijua: kipo chakula kinachopenda kulala na kipo kisichopenda.

Hiyo baridi haikuwekwa kwa uzembe wala kwa ubahili. Tarehe 3 Februari 1975, ndege ya Japan Air Lines aina ya Boeing 747 ilikuwa inatoka Tokyo kwenda Ulaya, ikiwa na abiria 344. Ilitua Anchorage, Alaska, ikapakia kifungua kinywa cha mayai na nyama ya nguruwe. Mmoja wa wapishi waliokata ile nyama alikuwa na vidonda vidoleni. Chakula kilikaa saa nyingi mahali pasipo na baridi ya kutosha, na vijidudu vikazaana na kuacha sumu ambayo moto wa oveni hauiondoi. Walipokaribia Copenhagen, watu wakaanza kutapika, mmoja, kumi, safu nzima. Waliougua walikuwa 197, na zaidi ya 140 kati yao wakalazwa hospitalini. Marubani walikuwa wameingia kazini Anchorage; kwa saa za miili yao huo haukuwa wakati wa kifungua kinywa, wakala nyama ya ng'ombe. Kila ninapoisoma habari hii husimama hapo. Mashirika mengi leo huwapa rubani na msaidizi wake vyakula tofauti.

Kwa hiyo naukubali ubaridi, naikubali oveni, naikubali foili. Watu wanaokesha majikoni wakiwa wamevaa makoti chumba cha baridi, wakihesabu vipande vya tango kwa sheria ya vitatu kila kibakuli, nawaonea huruma na nawaheshimu. Lakini udhaifu wa chakula cha daraja la kawaida una mzazi mwingine, na huyo hana uhusiano na pua wala vijidudu.

Mwanzoni hapakuwa na madaraja. Mlo wa kwanza kuuzwa angani unaotajwa katika historia ulikuwa kwenye ndege ya Handley Page iliyokuwa ikienda Paris kutoka London, Oktoba 1919: boksi lenye sandwichi na matunda, shilingi 3 za Kiingereza. Abiria walikuwa wachache na matajiri, na wote walikula kitu kimoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege zikawa kubwa, mashirika yakataka watu wa kipato cha kati nao wasafiri, na mwaka 1958 yakaanzisha daraja la ikonomi kuvuka Atlantiki. Bei ikashuka. Ndipo likazuka swali: mwenye tiketi ya bei ndogo ale nini, ili aliyelipa kubwa asione amepunjwa?

Jibu likawekwa kwenye mkataba wa mashirika. Wa ikonomi wapewe sandwichi, chakula rahisi, baridi, kisicho na gharama. Basi mashirika ya Ulaya, SAS wa Skandinavia wakiwa mbele, wakaanza kuandaa sandwichi za kwao, mkate mmoja uliorundikwa juu yake samaki, nyama, mayai na jibini hadi mkate wenyewe hauonekani. Pan American wa Marekani wakashtaki kwamba hiyo si sandwichi, ni karamu. Suala likafikishwa kwenye chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, na watu wazima wakakaa mezani kujadili sandwichi ni nini. Uamuzi ukatoka kwamba mkate lazima uonekane na vitu vya anasa visiwepo. SAS wakatozwa faini.

Kwangu mimi hapo ndipo penye fundo la habari yote. Chakula cha daraja la kawaida hakikuwa duni kwa bahati mbaya. Kulikuwa na kikao kilichoamua kiwe hivyo, na mtu aliyetaka kukifanya kitamu akaadhibiwa. Mkataba ule ulikufa zamani, lakini roho yake bado inasafiri. Pazia lile dogo linapovutwa kati ya mbele na nyuma, harufu ya mkate wa moto inabaki upande mmoja.

Halafu ikaja fedha kwa njia nyingine. Marekani, hadi mwaka 1978, serikali ndiyo iliyopanga nauli za ndani, na mashirika yaliyokuwa hayawezi kushindana kwa bei yakashindana kwa sahani. Sheria ya mwaka huo ilipoyaachia huru, nauli zikaanguka, na sahani nazo. Robert Crandall, aliyeongoza American Airlines, anakumbukwa kwa kuondoa zeituni moja kwenye kila saladi na kuokoa, kama inavyosimuliwa, dola 40,000 kwa mwaka. Wanafunzi wa biashara hufundishwa kisa hicho kama mfano wa busara. Sikatai kwamba ni busara ya mhasibu. Lakini zeituni ina chumvi na uchungu, na uchungu ni miongoni mwa ladha chache zinazofika salama huko juu. Katika saladi ile yote, huenda walikitoa kitu pekee ambacho abiria alikuwa anakisikia.

Sasa nimrudie bibi. Alipoweka uma chini hakuita mtu wala hakulalamika. Aliinama, akafungua mkoba wake, akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na ndimu mbili zilizokatwa vipande, na karatasi iliyokunjwa yenye pilipili manga ya kusaga. Akakamua kipande kimoja juu ya kuku, akanyunyiza pilipili, akaonja tena, akatikisa kichwa cha kukubali. Kisha, kwa kuwa alinilea kwa saa tano zile kana kwamba ni wake, akakamua na kwangu bila kuniuliza.

Kuku yule yule! Uchachu ulipita moja kwa moja, pilipili ikanichomachoma juu ya kaakaa, na nyuma yake nikaanza kusikia kwamba kweli nilikuwa nakula kuku. Bibi hajawahi kusikia habari za Holzkirchen. Alichukua ndimu kwa sababu safari ya kwanza chakula kilimshinda. Alikuwa amefika, kwa safari moja tu, pale walipofika wenye mitambo yao.

Hapa ndipo ninapoyasihi mashirika yanayobeba abiria kutoka pwani yetu. Chakula kinachoweza kupozwa, kulazwa, kupashwa moto na kuliwa na mtu mwenye pua kavu kipo, na kinapikwa umbali wa dakika 20 kutoka viwanja vyenu. Kwa wengi, pilau ya jana huishinda hata ya leo, kwa sababu bizari nyembamba, karafuu na mdalasini vimepata usiku wa kuingia. Maharage ya nazi hayajui kukauka. Mchuzi wa samaki wenye ukwaju una uchachu, una nyanya, una vitunguu vilivyokaangwa hadi vikayeyuka, yaani una kila kitu ambacho watafiti walikuta kinasikika. Nyama ya paja la kuku ndani ya mchuzi mzito hupashwa moto mara mbili na bado ikabaki laini, wakati kidari hufa mara ya kwanza.

Si kila chetu kinafaa, na lazima niseme hivyo ili nisionekane nasifia kwa mapenzi tu. Ugali ukipozwa unakuwa tofali. Chipsi hulegea ndani ya foili kabla ndege haijaondoka. Mishkaki ni chakula cha pembeni ya jiko la mkaa, na chapati hugeuka ngozi. Mchicha huingia na rangi ya kijani ukatoka na rangi ya udongo. Lakini vinavyofaa ni vingi kuliko visivyofaa, na vingi kati yake, kama maharage na dengu, havigharimu zaidi ya kile kidari. Kwa hiyo sioni kwamba kizuizi ni fedha. Naona ni mazoea, fikra kwamba chakula cha safari lazima kisimwudhi yeyote, na njia ya kutomwudhi mtu ni kutokiweka kiungo.

Ushahidi umo ndani ya ndege zenyewe. Mashirika mengi huruhusu abiria aagize chakula maalumu, kwa kawaida si chini ya saa 24 kabla ya safari, bila malipo ya ziada. Katika orodha hiyo iko milo ya kisukari, ya Kiislamu, ya watoto, na uko mmoja wenye herufi AVML, mlo wa Kiasia usio na nyama. Mara nyingi ni dengu au viazi kwenye mchuzi wa nyanya wenye tangawizi na bizari, pamoja na wali. Nimeuagiza safari nyingi sasa, mimi ninayependa nyama, na sijawahi kuurudisha nusu. Zaidi ya hayo, vyakula maalumu hugawiwa kabla toroli halijatoka. Mara mbili jirani yangu amegeuza shingo kuuliza harufu hiyo ni ya nini.

Ile keki ya manjano, bibi na mimi hatukuila. Kila mmoja alionja pembeni tu, tukaona ni sifongo isiyo na sukari, tukaifunga tena kwenye nailoni yake. Tuliondoka nayo. Muscat, foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu na joto lilikuwa limeingia ukumbini, hewa nzito yenye unyevu kama ya nyumbani. Bibi alikuwa ameketi juu ya mkoba wake. Akafungua keki yake kwa kuchoka zaidi kuliko kwa njaa, akamega, akaitia mdomoni, akanyamaza. Nikamega yangu. Ilikuwa tamu ya kukera, sukari tupu, na nyuma yake vanila niliyoisikia hadi nyuma ya macho.

"Ah," bibi akasema, akiangalia kile kipande mkononi. "Huyu keshapona."